Mwongozo kamili: namna ya kumkumbuka navigeta kijana aliyepotea na ndege yake vitani

Nianze na bati la biskuti. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee huku Lincolnshire, Uingereza, kazi ambayo wenzangu wengi wa Afrika Mashariki mlioko huku mnaijua vizuri, na mmoja wa niliokuwa nawaendea asubuhi na jioni alikuwa bibi wa miaka tisini na kitu. Siku hiyo akaniambia nimshushie bati lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na telegramu, barua mbili, picha ya kijana wa miaka 21 kavaa yunifomu, na kitabu cha jalada la bluu. Kaka yake. Alikuwa navigeta, yaani mwongoza njia, kwenye ndege ya mabomu aina ya Lancaster, wakaondoka usiku mmoja mwanzoni mwa 1944 kuelekea Berlin na hawakurudi, mwili haukuonekana, kaburi hamna. Bibi akaniuliza kitu kimoja tu: "Alifika wapi?" Hakuuliza alikufaje, aliuliza alifika wapi.

Lile swali lilinikaa kichwani mpaka nikaanza kutafuta, na nilivyotafuta ndo nimejifunza haya ninayoandika hapa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tuko wengi tunaowahudumia hawa wazee, wengine tumeoa au kuolewa kwenye hizi familia, watoto wetu wana babu wa upande huo kwenye picha ukutani, na wengine mna makaburi ya namna hii hukohuko nyumbani. Kwetu mtu akifa tunakaa matanga, arobaini inafanyika, kaburi linajengewa. Hawa vijana wengi matanga hayakuwepo, maana familia iliambiwa "hajulikani alipo" afu baada ya miezi kama sita hivi ndo ikaja barua kwamba sasa tuchukulie amefariki. Miezi sita mama anasikiliza mlango. Kwaiyo kumkumbuka mtu kama huyu sio kuwasha mshumaa tu, kuna kazi ya kufanya.

Kabla ya hatua yenyewe, ujue navigeta ni nani. Kiswahili cha zamani cha pwani, rubani alikuwa yule anayejua njia, anayeongoza chombo kisipande mwamba. Siku hizi rubani tunamwita anayeshika usukani wa ndege. Sasa kwenye Lancaster kulikuwa na watu saba: rubani, fundi wa ndege, navigeta, mlenga mabomu, opereta wa redio na wapiga bunduki wawili, na kazi ya rubani wa zamani, ya kujua tuko wapi na tunaenda wapi, ilikuwa ya navigeta. Anakaa nyuma ya rubani, mezani, kapazia kamefungwa ili mwanga wa taa yake usionekane nje, ramani, penseli, saa. Wengi walikuwa wanaenda na kurudi Ujerumani hawajachungulia nje hata mara moja. Kazi yake yote ilikuwa kuandika: saa fulani, tuko hapa, upepo unatoka huku. Ndo maana mi naamini navigeta anakumbukwa tofauti na wengine. Huyu alikuwa anaandika muda na mahali kila dakika chache, na karatasi yake ya mwisho ndo iliyopotea naye. Basi kumkumbuka ni kumwandikia ile karatasi, kadiri inavyowezekana.

HATUA YA 1: Kusanya kilichopo nyumbani, na usikitengeneze

Unahitaji vitu vitatu kwanza: jina lake kamili, namba yake ya jeshi, na tarehe. Namba ya jeshi ndo muhimu kuliko jina, na hapo nasema kwa uchungu maana mi nilipoteza wiki mbili nikimfuatilia kijana mwingine mwenye jina lilelile na herufi zilezile za mwanzo, mpaka bibi aliponiambia huyo mama yake sio mama yetu. Namba utaikuta kwenye telegramu, kwenye barua za jeshi, au ukurasa wa kwanza wa logibuku, daftari lake la kuandikia safari za ndege.

Angalia picha. Kifuani upande wa kushoto kuna bawa moja na herufi. Ikiwa N, ni navigeta. Ikiwa O, alifuzu kabla ya mabadiliko ya 1942, enzi walipokuwa wanaitwa waangalizi na kazi ya kuongoza njia na ya kulenga mabomu alifanya mtu mmoja. Hii peke yake inakuambia alifunzwa lini.

Logibuku ya navigeta sio kama ya rubani, ni ile fomu namba 1767 iliyoandikwa juu kwamba ni ya waangalizi na wapiga bunduki, usishtuke ukaona jina la kazi yake halipo kwenye jalada. Ndani kila safari ina mstari wake: tarehe, saa ya kuondoka, aina ya ndege na herufi zake, rubani, na kazi iliyofanyika. Safari za vita za usiku kwa kawaida ziliandikwa kwa wino mwekundu, za mchana kijani. Kwenye ya kaka yake bibi nilikaa nikatazama mwandiko wake muda mrefu, tarakimu nne zake zimeachwa wazi juu, saba zimenyooka, mistari yote imepigwa na rula. Afu mstari wa mwisho mwandiko unabadilika. Ni wa karani wa kikosi. Tarehe, "Berlin", na maneno ya kusema kwamba ndege haikurudi. Bibi alikuwa ameweka kipande cha utepe ukurasa ule.

Usibandike selotepu, usilaminishe, usinyooshe mikunjo kwa pasi. Osha mikono ikauke, skani kila ukurasa kwa 600 dpi hata zilizo tupu, nyuma ya picha pia maana majina huwa yameandikwa nyuma kwa penseli, afu rudisha kila kitu kwenye karatasi isiyo na asidi. Na kama kitu sio cha familia yako, omba ruhusa kwanza kabla hata simu hujaitoa mfukoni. Mi nilimwomba bibi, akampigia mpwa wake, ndo nikaanza.

HATUA YA 2: Commonwealth War Graves Commission

Hii ni tume inayotunza makaburi na majina ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola waliokufa vitani, orodha yake ni bure na iko mtandaoni. Andika jina, chagua vita ya pili, chagua jeshi la anga, ukiwa na namba ya jeshi ndo kabisa. Itakupa cheo, kikosi, tarehe, mara nyingi umri na majina ya wazazi, na mahali anapokumbukwa. Hapo kuna njia mbili. Kama ana kaburi, utapewa jina la makaburi, kitalu, mstari na namba. Kama hana, na aliruka kutoka Uingereza au kaskazini-magharibi mwa Ulaya, jina lake litakuwa Runnymede, mnara wa kumbukumbu wa wasio na kaburi, ambako kuna majina zaidi ya 20,000.

Angalizo moja kubwa: tarehe. Hawa jamaa walikuwa wanaondoka jioni na kurudi alfajiri, kwaiyo usiku mmoja una tarehe mbili, na wanahistoria huwa wanaandika kwa mkwaju, mfano 14/15 Septemba. Ukikosa kwenye tarehe moja angalia ya jirani.

Nikupe mfano wa mtu anayejulikana uone inavyofanya kazi. Sajenti Vivian Nicholson, wa Sherburn, Durham, navigeta wa kikosi cha 617, ndege yenye herufi AJ-J ya rubani David Maltby, ile ambayo bomu lake ndo lililobomoa bwawa la Möhne, Ujerumani, usiku wa 16/17 Mei 1943. Alipewa nishani ya ushujaa ya DFM. Miezi minne baadaye, usiku wa 14/15 Septemba, wakiwa wameitwa warudi kwenye safari ya mfereji wa Dortmund-Ems kwa sababu ya hali ya hewa, ndege yao ikaangukia baharini. Mwili wa Maltby ukapatikana, kazikwa kijijini Wickhambreaux, Kent. Nicholson hakupatikana, yuko Runnymede. Alikuwa na miaka 20. Unaona, watu waliokaa ndege moja, mmoja ana kaburi kanisani mwingine ana jina tu ukutani, kwaiyo ukimtafuta mmoja tafuta wote, kumbukumbu zao zinakamilishana.

HATUA YA 3: Tafuta wenzake sita

Nenda kwenye orodha ya waliopotea ya International Bomber Command Centre iliyoko Lincoln. Nayo ni bure. Ina karibu majina 58,000, na uzuri wake ni kwamba ukifungua mtu mmoja unapata ndege yake, herufi na namba ya usajili, ilikotoka, ilikokuwa inaenda, na wale wengine waliokuwa ndani. Namba ya usajili ya ndege iandike pembeni, utaihitaji sana huko mbele.

Kwa ujumla kitengo cha mabomu cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa na warushaji kama 125,000 na waliokufa ni 55,573. Hiyo namba kubwa sana na ndo shida yake, inammeza mtu. Saba ni idadi unayoweza kuishika kichwani. Jifunze majina saba, umri wa saba, walikotoka. Mara nyingi utakuta Mkanada mmoja, Muaustralia, mvulana wa Scotland, na kama ni navigeta mwenyewe inawezekana kabisa alisomea Kanada au Afrika Kusini, maana mafunzo mengi yalipelekwa huko mbali na vita.

Na msidhani walikuwa wazungu watupu. Johnny Smythe wa Sierra Leone alikuwa navigeta, akaangushwa Ujerumani Novemba 1943 akawa mateka, akarudi nyumbani akaja kuwa mwanasheria mkuu wa nchi yake. Cy Grant wa Guyana, navigeta pia, aliangushwa 1943 Uholanzi. Na Ulric Cross wa Trinidad, navigeta wa ndege aina ya Mosquito kikosi cha 139, aliruka safari 80 akatunukiwa nishani za DSO na DFC, na huyu anatuhusu moja kwa moja kwa sababu baada ya vita alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu Tanzania kuanzia 1967. Wakubwa wa Dar waliofika mbele yake mahakamani sijui wangapi walijua yule jaji aliwahi kutafuta njia gizani juu ya Ujerumani kwa penseli. Hawa watatu walipona. Wapo wenzao waliotoka makoloni hawakupona, na ukikutana na mmoja kwenye orodha mpe uzito uleule.

HATUA YA 4: Kitabu cha kikosi

Hapa ndo penye nyama. Kila kikosi kilikuwa na daftari la operesheni, na yamehifadhiwa National Archives, nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, London, kwenye kundi linaloitwa AIR 27. Yameshapigwa picha, unapakua ukiwa nyumbani. Tafuta AIR 27 na namba ya kikosi na mwezi.

Daftari lina fomu mbili. Fomu 540 ni muhtasari wa kila siku, hali ya hewa, wageni waliokuja, ndege ngapi zimetoka. Fomu 541 ndo unayoitaka: kila ndege, majina ya wote waliokuwemo, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na maelezo waliyotoa waliporudi. Kwa ndege yako sehemu ya saa ya kurudi itakuwa tupu. Usiishie hapo, na hili ndo kosa ninaloona watu wanafanya, wanapiga picha mstari mmoja wanafunga. Soma za wenzake WOTE wa usiku ule. Wao ndo watakuambia mawingu yalikuwaje, upepo ulikuwaje, walifika shabaha saa ngapi, mizinga ilikuwa mikali wapi, na wakati mwingine waliona ndege ikianguka saa fulani sehemu fulani. Kwa sababu hivi ndo ilivyokuwa: mpiga bunduki akiona ndege ya mwenzao inawaka anamwambia navigeta kwenye intakomu, na navigeta anaandika saa na mahali, afu anaendelea na hesabu zake.

Soma pia miezi ya nyuma. Safari zake zote ziandike. Zamu moja kamili ilikuwa safari 30, kwaiyo utajua alikuwa amebakiza ngapi. Kaka yake bibi alikuwa kwenye ya 11.

Kuna makundi mengine ya faili. AIR 81 ni faili za vifo na waliopotea, zinafunguliwa kidogokidogo kwa mpangilio wa tarehe, ukikosa leo rudi mwakani. AIR 14 ni za makao makuu ya kitengo cha mabomu, humo mna ripoti za kila usiku na njia zilizopangwa. Rekodi yake binafsi ya utumishi zamani ilikuwa unaomba wizara ya ulinzi, siku hizi zinahamishiwa National Archives, utaandika maombi na utasubiri.

Kama alikuwa Muaustralia una bahati, faili zao za vifo ziko wazi mtandaoni kwenye nyaraka za taifa lao, kundi A705, zina hadi barua za mama. Kanada wana faili za utumishi za waliokufa, nazo zimeskaniwa. Mmarekani tafuta ripoti ya ndege iliyopotea, wanaiita MACR, na faili ya mazishi inayoitwa IDPF.

HATUA YA 5: Upande wa pili wa bahari

Ndege haiangukii hewani, inaangukia shamba la mtu. Uholanzi, Ubelgiji, Denmark, Ufaransa na Ujerumani kwenyewe kuna vijiji vinavyojua ndege gani ilianguka wapi na nani aliwazika, na wazee wa huko walisimuliwa na wazazi wao. Waholanzi wana rejista ya ndege zote zilizoanguka nchini kwao. Andika imeili kwa manispaa au makumbusho ya kijiji, fupi, ya heshima, taja tarehe, namba ya usajili wa ndege na majina saba. Baada ya vita jeshi la anga la Uingereza lilipeleka timu za kutafuta waliopotea, wakafukua, wakalinganisha kola za mashati na vyeti vya meno na pete, na ndo maana wengi waliokuwa "hawajulikani" leo wana majina kwenye mawe. Pale walioshindikana kutenganishwa utakuta mawe yamepangwa yamegusana bega kwa bega. Hilo ni kaburi la pamoja.

Na kwa kuwa tumefika kwao, niseme wazi. Huyu kijana alipeleka mabomu kwa watu. Lile bwawa la Möhne lilivyobomoka walikufa watu kama 1,300 bondeni, na mamia kati yao walikuwa wanawake wa Kisovieti waliofungiwa kambini kufanyishwa kazi kwa nguvu. Dresden Februari 1945 walikufa hadi 25,000. Ukiandika kumbukumbu yake usiyakwepe haya. Bibi mwenyewe alikuwa na kawaida, akimwombea kaka yake anaombea na "waliokuwa chini", alikuwa anasema hivyohivyo, waliokuwa chini. Mi nimeona hiyo ni adabu kamili na nimeifuata.

HATUA YA 6: Mwandikie logi yake ya mwisho

Hii ndo hatua niliyoifikiria sana, ipe wikiendi mbili.

Tafuta ramani ya kaskazini-magharibi ya Ulaya, kubwa, ya karatasi. Rula, bikari, protrakta, penseli HB. Usitumie kalamu ya wino. Navigeta alitumia penseli kwa sababu kila anachoandika kinaweza kusahihishwa na upepo, na wewe pia utasahihisha ukipata faili jipya.

Kwenye karatasi piga safu: saa, mahali, uelekeo, kasi, upepo, maelezo. Anza na kituo alikotoka na saa ya kuondoka kutoka Fomu 541. Afu weka kona za njia iliyopangwa usiku ule. Piga mistari. Sasa fanya kama yeye: walikuwa wanatafuta mahali walipo kila dakika 6, na sababu ni hesabu, dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, kwaiyo ukienda maili 22 kwa dakika 6 kasi yako ni maili 220 kwa saa, unaongeza sifuri basi. Weka nukta kila dakika 6 kwenye ule mstari. Kutoka Lincolnshire hadi Berlin ni zaidi ya kilomita 900 moja kwa moja, ni sawa na kuruka Dar hadi Mwanza na ziada, na wao hawakwenda moja kwa moja, walizunguka. Ukishaweka nukta ya hamsini mkono umechoka na uko kwenye kiti chako sebuleni na chai, ndo unaanza kuelewa mtoto wa miaka 21 alikuwa anafanya hivi futi 20,000 juu, kwa baridi, na barakoa ya oksijeni usoni.

Kuanzia 1942 walikuwa na kifaa cha redio kinaitwa Gee kilichowapa mahali walipo, lakini Wajerumani waliziba mawimbi yake kabla ndege haijafika mbali, na kutoka hapo ni rada ya H2S kwa waliokuwa nayo, nyota kwa sekstanti, kifaa cha kupima kimo cha nyota, na hesabu ya upepo. Upepo ndo adui ambaye watu hawamtaji. Usiku wa 24/25 Machi 1944 ndege 811 zilikwenda Berlin na upepo wa kaskazini ukazidi maili 100 kwa saa, kitu ambacho hawakuwahi kukiona. Manavigeta waliopima wakapata namba kubwa kiasi kwamba baadhi hawakuziamini, wakapunguza kabla ya kutuma, na huko makao makuu nao wakapunguza tena. Msafara ukasukumwa kusini, ukapitia juu ya mizinga. Ndege 72 hazikurudi. Kama kijana wako alikuwa kwenye usiku ule, kuandika logi yake bila safu ya upepo ni kumkosea.

Angalizo la saa, na hili ni la kwetu hasa. Faili zinaandika saa za masaa 24, kwaiyo 21:40 ni saa tatu na dakika arobaini usiku, ukiwasomea wazee nyumbani geuza usije ukasema saa ishirini na moja. Pia Uingereza wakati wa vita saa zilikuwa mbele, majira ya baridi saa moja mbele ya Greenwich, kiangazi saa mbili. Ukichanganya saa ya faili moja na ya nyingine, ndege yako itakuwa imeanguka kabla ya kuondoka.

Unachojua andika kawaida. Unachokisia weka alama ya kuuliza. Usichojua acha tupu. Kwa kaka yake bibi niliweza kufika juu ya Bahari ya Kaskazini, karibu na pwani ya Denmark. Ndege mbili za kikosi kile ziliandika zimeona ndege ikiangukia majini, na navigeta wote wawili saa zao zilipishana dakika mbili tu. Hatuwezi kusema kwa hakika ni ya kwake. Nikaweka nukta, nikaweka alama ya kuuliza, nikampelekea bibi ramani. Aliweka kidole pale akakaa kimya, afu akaniuliza kutoka hapo hadi nyumbani ni dakika ngapi. Tukapima pamoja kwa bikari.

HATUA YA 7: Nishani

Fupi. Nishani za Uingereza za kushiriki vita ya pili hazikuchongwa majina, kwaiyo kisanduku kikipotea hakuna wa kukijua, andika karatasi ya jina iweke ndani. Tangu 2013 kuna kibanio maalumu cha waliotumikia kitengo cha mabomu, familia ya aliyekufa inaweza kuomba.

HATUA YA 8: Nenda

Runnymede iko juu ya kilima cha Cooper's Hill karibu na Egham, Surrey. Treni kutoka London Waterloo hadi Egham, afu unapanda kilima, vaa viatu vya maana. Malkia Elizabeth aliifungua 17 Oktoba 1953. Majina yamepangwa kwa mwaka na cheo, kwaiyo nenda na namba ya paneli kutoka Hatua ya 2 la sivyo utazunguka saa nzima. Usipake chaki wala mchanga herufi zionekane, unaharibu jiwe. Subiri jua lije kwa ubavu.

Lincoln nenda kwenye kile kituo nilichosema, kilifunguliwa 2018. Kuna mnara wa chuma wa mita 31.09, urefu uleule wa bawa hadi bawa la Lancaster, ukisimama chini yake ndo unapata picha ya ndege, na ukuta wa majina umeuzunguka. Kule mbele unaliona kanisa kuu la Lincoln, ambalo wengi wao waliliona la mwisho wakiondoka na la kwanza wakirudi.

Wenye makaburi Ujerumani, Reichswald karibu na Kleve na makaburi ya vita ya Berlin barabara ya Heerstraße yana warushaji wengi sana. Walioko Kenya, makaburi ya vita ya Nairobi yako Ngong Road, nenda siku ya wiki asubuhi kumetulia, na kuna mnara wa Afrika Mashariki wa wasio na kaburi, humo kuna majina ya vijana wetu wenyewe wa KAR, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambao nao hakuna anayewasomea.

HATUA YA 9: Weka mahali pa kudumu

Andika kurasa mbili tatu za maisha yake, sio kifo tu. Alisoma wapi, alipenda nini, alikuwa anaandikia nani. Peleka nakala za skani kwenye hifadhi ya kidijitali ya kile kituo cha Lincoln, wanaifanya pamoja na chuo kikuu cha huko, na kama ukurasa wake kwenye orodha ya waliopotea hauna picha watumie. Nakala moja ibaki kwa familia, moja kwa mtu wa kizazi cha chini kabisa anayejua kusoma.

HATUA YA 10: Tarehe yenyewe

Kila mwaka, usiku uleule, saa ileile ya kuondoka, kaa na logi uliyoiandika. Soma kwa sauti majina saba, cheo na umri. Afu soma nukta moja moja mpaka ulipofika, pale penye alama ya kuuliza simama. Inachukua kama dakika kumi. Mwaka wa kwanza tulisoma mi na bibi, yeye akisoma majina mi nikisoma saa, na alipofika jina la kaka yake alitaja lile la utani la nyumbani badala ya cheo. Wa pili nikasoma peke yangu, mpwa wake akiwa kwenye simu, kwa sababu bibi alikuwa ameshatutoka miezi mitatu kabla. Bati analo mpwa. Ramani walinipa mimi.

Mwaka huu tarehe imeangukia nikiwa shifti ya usiku, nimeshaongea na mwenzangu anishikie zile dakika kumi.